Mahfudha na Swali la Tisa

Mimi nachonga mihuri, na kazi hiyo imenifundisha kuwacheka watu wanaosema karatasi imekufa. Ofisi ya vyeti iliyo nyuma ya ukuta wetu hapa Nakasero ilipotangaza kwamba maombi yote sasa yatapita mtandaoni, majirani walinipa pole kama mtu aliyefiwa. Mke wangu Mbambu akaanza kuulizia bei ya kikaango cha chapati, ajue tutaishi vipi. Wiki mbili hazijapita, karani wa ofisi hiyo hiyo akaja kuchongesha muhuri wenye maneno "IMEPOKELEWA MTANDAONI". Kumbe ombi likishaingia kwenye mfumo, walilichapisha kwenye karatasi walifungie kwenye jalada, na karatasi isiyo na muhuri hakuna anayeiamini. Tangu siku hiyo nimewachongea mihuri kumi na minne ya aina hiyo. Kwa hiyo sina ugomvi na maendeleo, maana yananilisha.

Ninayetaka kumsimulia ni Mahfudha binti Tajudin, ambaye meza yake iko hatua mbili kutoka yangu tangu nilipofika hapa kutoka Butembo, Kongo, mwaka 2003, nikiwa na kisu cha kuchongea na hasira nyingi. Hapa barazani, nje ya ofisi hiyo, watu wote humwita Hajjati, na kila anayemwita hivyo humjibu, "Bado sijakwenda." Miaka zaidi ya ishirini nimeyasikia maneno hayo asubuhi na jioni. Nilimwambia mara moja aache, heshima ikija aipokee tu. Alinitazama kana kwamba nimemshauri aibe kuku.

Ukoo wake ni wa wale waliokuja zamani na nguo na vitabu kutoka pwani wakasahau kurudi. Alizaliwa Old Kampala, babu yake akiuza kanga na baba yake akifundisha watoto kusoma Kurani. Huyo baba aliwatia wanawe neno moja kichwani, kwamba mtu akikupa kitu umshikie, hata kama ni maneno, umrudishie kilivyo. Watoto wengine walilisikia wakaenda zao kufanya biashara. Mahfudha lilimkaa, na ndilo lililotuletea balaa lote ninaloandika hapa.

Alijifunza kupiga taipu akiwa msichana. Vita vilipokwisha mwaka 1986, ofisi za serikali zilikuwa na maofisa lakini hazikuwa na mashine, maana zilikuwa zimebebwa na kila aliyekuwa na mgongo. Mahfudha alikuwa na taipureta ya marehemu mjomba wake, ameificha miezi kadhaa ndani ya pipa la mchele. Akaitoa, akaipangusa, akaja kuiweka kwenye meza barazani. Wananchi walimjia kuandikiwa barua za maombi. Kisha, anaapa ni kweli, ofisi zikamletea majibu ya barua hizo hizo naye akayapiga chapa. Alijiandikia na kujijibu mwaka mzima, na hakumwambia mtu hata mmoja jibu lake kabla halijatiwa sahihi.

Baadaye ofisi ikanunua kompyuta, ikazifunika kwa vitambaa vya kufuma zisipate vumbi, na watu wakaendelea kuja kwa Mahfudha. Kisha kompyuta zikafunuliwa, naye akanunua yake, nzee, yenye kelele. Kisha ukaja mfumo, naye akawa wa kwanza kuujua barazani, kuliko hata makarani wa ndani, ambao walikuwa wakitoka kimyakimya kumwuliza kitufe cha kutuma kiko wapi.

Sasa sikilizeni jinsi mfumo ulivyofanya kazi kweli, maana matangazo ya ofisi hayakusema. Mfumo ulitaka kila mwombaji aweke namba yake ya simu. Mwanakampala hampi serikali namba yake hivi hivi. Anajua serikali ikiwa na namba yako, leo itakupa cheti na kesho itakumbuka kodi. Wengine laini zao hubadilika kila Krismasi. Wengine simu ni ya nyumba nzima. Kwa hiyo kila aliyeketi mbele ya Mahfudha na kufika mahali pa namba alisema neno lile lile: "Weka yako, Hajjati." Naye alijibu kwamba bado hajakwenda, kisha akaweka yake.

Majibu yote ya serikali yakawa yanalia kwenye simu moja, iliyofungwa kwa raba mbili isiachane. Ili asimpoteze mtu, Mahfudha aliandika daftari. Humo kila mwombaji alikuwa na jina, na pembeni maelezo ya kumpata: "Katwe, kwa wachomeleaji, uliza mwenye mapacha." "Kalerwe, samaki wakavu, mwavuli wa kijani, usiulize kwa jirani yake, hawasemezani." Kila asubuhi saa tatu alisimama barazani akasoma majina ya waliojibiwa kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Serikali iliamini inazungumza na wananchi, na wakati wote ilikuwa inazungumza na Mahfudha.

Mambo yakaenda hivyo miaka, mpaka tangazo lilipobandikwa ukutani, limepigwa mihuri yangu miwili. Lilisema kwamba kampuni ya nje imeajiriwa kufanya tathmini ya mabadiliko ya kidijitali katika ofisi hiyo. Ikionekana kwamba wananchi wanane kati ya kumi wanajihudumia wenyewe, basi meza za wanaojazia watu fomu zitaondolewa barazani, kwa kuwa hazitahitajika tena. Meza za namna hiyo zilikuwa zimebaki moja tu, ya Mahfudha. Meza ya mihuri haikutajwa. Nilisoma tangazo mara mbili nikamwambia asijali, maana sisi barazani tunajua nani anajihudumia na nani anahudumiwa.

Jumatatu iliyofuata, simu yake ikaanza kulia. Ililia asubuhi nzima. Kampuni ilikuwa imechagua kwa bahati nasibu watu mia mbili na arobaini waliotumia mfumo, ikamtumia kila mmoja maswali kumi kwa simu. Katika hao, mia moja themanini na saba walikuwa na namba ya Mahfudha. Kila ujumbe ulikuwa na jina la mtu na siku kumi na nne za kujibu. Swali la tisa liliuliza hivi: "Je, maombi yako uliyawasilisha wewe mwenyewe, au ulisaidiwa na mtu mwingine?"

Niliruka kwa furaha. Mungu akupe nini zaidi? Nikamwambia, "Mama Mahfudha, keti hapa, chukua chai, bonyeza 'nilisaidiwa' mara mia moja themanini na saba. Jioni umemaliza, na meza yako itakaa hapa mpaka wajukuu."

"Kasereka," akasema, "wameulizwa wao. Mimi nimepewa kubeba tu."

"Lakini jibu unalijua. Uliwasaidia wewe, kwa vidole hivi."

"Ninalolijua ni nilichofanya. Watakachojibu sikijui mpaka niwaulize."

Nilimtukana kidogo kwa Kinande, lugha ya kwetu, ambacho hakisikii, au hujitia hakisikii. Akalitoa daftari, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki, na akaanza kuuliza. Wa kwanza kumwuliza nilikuwa mimi, kwa kuwa nami nilikuwa katika wale waliochaguliwa, kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa cha binti yangu Marlène, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Jibu langu nitalisema mahali pake.

Wa pili alikuwa Opoka, mlinzi wa lango la ofisi, mwanajeshi mstaafu anayezungumza Kiswahili cha kambini na kutembea kama bado anakaguliwa. Ombi lake lote la cheti, herufi kwa herufi, lilijazwa na Mahfudha, yeye akisimama nyuma yake amekaza mikono. Mahfudha alipofika swali la tisa, Opoka alitazama kulia na kushoto, akaona kuna madereva wa boda wanasikiliza.

"Andika mimi nafanya mwenyewe," akasema. "Mimi nabeba bunduki miaka kumi na saba. Kasimu kadogo kama hii itashinda mimi?"

Mahfudha akaandika. Opoka akatoa kasimu kake mfukoni akampa amzimie sauti, kwa kuwa kalikuwa kanalia tangu asubuhi na hakujua pa kubonyeza.

Nilidhani ni Opoka tu na ujeshi wake. Jumamosi nikaamua kumsindikiza Mahfudha Katwe, nijionee. Tulimkuta Ssalongo, mchomeleaji wa mageti, baba wa mapacha kama jina lake la heshima lisemavyo, amezungukwa na mafundi sita na cheche. Mahfudha hakuruka swali hata moja. Alisoma Kiingereza kimoyomoyo kisha akauliza kwa Kiganda, na kwa Kiswahili pale nilipokuwa nachungulia. Swali la nne lilitaka kujua ameridhika kiasi gani, kuanzia moja hadi tano. Ssalongo akasema sita. Mahfudha akamweleza kwamba sita haipo. Ssalongo akasema basi waandikie tano, na uwaambie nilitaka sita. Akaandika yote mawili. Walipofika swali la tisa, mashine za kuchomelea zilikuwa zimenyamaza na mafundi wote sita walikuwa wanangoja jibu.

"Hajjati, wewe andika nirifanya mwenyewe," Ssalongo akasema kwa sauti ya chini. "Hawa wakisikia mimi nirifanyiwa, kesho nani ataniretea geti?"

"Bado sijakwenda," akasema Mahfudha, akaandika.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilimwambia Ssalongo kwamba mficha uchi hazai. Akanijibu kwamba yeye amezaa mapacha mara mbili, na mafundi wakacheka, tukaondoka.

Kalerwe ndiko kulikoniuma zaidi, kwa kuwa yule ni mtu wa kwetu. Mama Exaucée anauza samaki wakavu chini ya mwavuli wa kijani, mwanamke mwepesi wa maneno na mkali wa mizani. Aliposikia swali alituvuta nyuma ya magunia.

"Mama, andika ni miye mwenyewe," akanong'ona. "Bwana yangu anawazaka kama nilisoma."

Kumbe mumewe alidhani anajua kusoma, naye hajui. Mahfudha alimshika mkono, akaandika, akanunua na samaki.

Siku kumi na tatu alizunguka hivyo, ameketi upande kwenye boda, daftari kifuani. Kila jioni nilimwuliza amevuna nini, na kila jioni alikuwa amevuna "mwenyewe". Mwalimu alisema mwenyewe kwa sababu ni mwalimu. Muuza dawa alisema mwenyewe kwa sababu mshindani wake alikuwa dukani. Mchungaji mmoja alisema mwenyewe kwa msaada wa Bwana, na Mahfudha akamwuliza kwa unyenyekevu kama hiyo ihesabiwe kusaidiwa. Mchungaji akafikiri, akasema hapana. Katika watu wote hao, kumi na mmoja tu ndio waliosema walisaidiwa, na wengi wao walikuwa wazee wasioogopa tena kuchekwa. Bibi mmoja wa Kisenyi, kwenye nafasi ya maoni mengine, alimwagiza aandike kwamba alisaidiwa vizuri lakini chai aliyopewa ilikuwa na sukari kidogo. Hilo nalo likaandikwa.

Mimi nilikuwa napiga kelele kila mahali. Nilisema watu hawa ni watovu wa shukrani, wanamchimbia mama wa watu kaburi huku wakimwamkia. Nilichonga vibaya siku zile. Kuna muhuri wa wakili mmoja ulitoka na herufi mbili zimeshikana. Mahfudha yeye hakulalamika hata mara moja. Aliona uchungu, nilimwona, maana jioni moja alikaa na kifuniko cha kompyuta mkononi muda mrefu bila kuifunika. Lakini alisema tu kwamba jibu la mtu ni mali yake, hata likiwa la kijinga.

Siku ya kumi na nne ilibaki fomu moja ya maswali. Ilikuwa ya Bwana Ochan, mkuu wa ofisi yenyewe, aliyetia sahihi tangazo la kuondoa meza. Hapa lazima nieleze. Bwana Ochan ameongoza ofisi ya vyeti miaka tisa, na yeye mwenyewe hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa kijijini kaskazini, na siku ile waliokuwepo walikuwa na mambo mengine ya kufanya. Sasa alikuwa anakaribia kustaafu, na waliohusika na mafao walitaka cheti. Basi miezi miwili kabla, saa ya chakula cha mchana, alikuja barazani amevaa miwani ya jua siku ya mvua, akaketi mbele ya Mahfudha, akanong'ona kwamba anaujaribu mfumo. Alipofika kwenye namba ya simu alisema "Weka yako" kama watu wote. Daftarini aliandikwa: "Ochan, ghorofa ya pili, miwani."

Mahfudha alipanda ghorofa ya pili kumwuliza maswali yake kumi. Katibu akamwambia mkuu yuko Entebbe kwenye warsha ya mabadiliko ya kidijitali, na kwamba anayetaka kumwona atume ombi kwa mfumo. Akarudi. Nilimwambia, nikiwa nimechoka, basi hii moja ijaze, mtu mwenyewe ndiye anayekufukuza. Akaikaza simu kwa raba zake. Fomu ikabaki tupu.

Aliyefanya tathmini alikuwa dada mmoja kijana, Nafuna, mwenye viatu vya kutembelea na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuwa ameona majibu mia moja themanini na sita yametoka kwenye simu moja. Akaja barazani akidhani amemkamata mwizi. Lakini kilichomchanganya, alisema, ni kwamba mwizi hujibu kila mara vilevile, na majibu haya kila moja lilikuwa na tabia yake. Mmoja alitaka sita juu ya tano. Mmoja alilalamikia sukari. Mahfudha akamfungulia daftari. Nafuna alisoma mchana mzima, chai ikapoa, na mwisho akamwuliza kwa nini hakuandika ukweli.

"Ukweli upi, mwanangu?" Mahfudha akasema. "Nyinyi hamkuniuliza mimi. Mmewauliza wao."

Nafuna aliandika ukurasa mzima juu ya Mahfudha kwenye ripoti yake. Tatizo ni kwamba ulikuwa ukurasa wa sitini na nne. Bwana Ochan alirudi kutoka Entebbe akasoma wa tatu, wenye ile namba kubwa, akaagiza bango. Lilipandishwa juu ya lango Ijumaa, la buluu, likisema kwamba wananchi tisini na tano kwa mia wanajihudumia wenyewe. Kukawa na hotuba na soda. Jumatatu meza ikaondolewa.

Opoka ndiye aliyeamrishwa kuiondoa. Aliibeba kichwani mpaka kwenye gari la kukodi, shingo imekakamaa, macho yakitazama kila mahali isipokuwa uso wa Mahfudha. Mahfudha alimwuliza hali ya mkewe. Karani akatoka na hati ya utekelezaji, ikahitaji muhuri wa "IMETEKELEZWA", na wao wa zamani ulikuwa umelika. Nani aliwachongea mpya, pale pale, kwa dakika arobaini? Naona aibu kulisema, lakini mimi ndiye mchonga mihuri wa baraza hili.

Wiki ile ya kwanza bila Mahfudha nisingependa kuirudia. Watu walifika, wakatazama pengo, wakanitazama mimi. Dirishani waliambiwa wajihudumie. Wakatoa simu, wakazitazama, wakazirudisha mifukoni. Juu ya hayo, wataalamu walikuwa wameongeza usalama wa mfumo. Kila aliyeomba zamani alitakiwa kuthibitisha kwa tarakimu sita zinazotumwa kwenye simu yake, nazo hufa baada ya dakika kumi. Tarakimu za watu wote zilikuwa zinamiminika Old Kampala, nyumbani kwa Mahfudha, ndani ya simu iliyofungwa raba, juu ya kabati la vyombo. Hadi Alhamisi hakikutoka cheti hata kimoja. Makarani walikaa na mihuri yangu mikononi, hawana cha kugonga.

Alhamisi hiyo alasiri nilikwenda nyumbani kwa Mahfudha kumpelekea majina ya watu waliokuwa wanamtafuta. Tulikuwa tumeketi sebuleni, meza yake ya barazani imesukumwa ukutani na kupangwa masufuria, mara hodi. Alikuwa Bwana Ochan, amevaa miwani ile ile. Aliivua alipoingia. Waliohusika na mafao walikuwa wamempa hadi kesho, na mfumo wake mwenyewe ulikuwa unamdai tarakimu sita.

Mahfudha alimkaribisha, akampa kahawa, akaulizia safari ya Entebbe. Kisha akasema, "Bwana Ochan, kuna amana yako iko kwangu zaidi ya wiki tatu sasa." Mzee wa watu akanyoosha mkono kwa furaha akidhani ni tarakimu. Kumbe Mahfudha alikuwa amefungua ile fomu tupu. Tathmini ilikuwa imekwisha, bango limepanda, soda zimenywewa, lakini hakuna aliyekumbuka kuuambia mfumo ufunge maswali. Fomu ilikuwa bado inangoja.

Akamwuliza moja baada ya jingine, bila haraka. Je, huduma ni rahisi kutumia? Je, lugha yake inaeleweka? Bwana Ochan alijibu kwa sauti inayozidi kupungua. Ndipo likaja swali la tisa, na Bwana Ochan akawa anakizungusha kikombe cha kahawa mkononi. Mimi nilitazama mkeka. Kusita kule nilikujua vizuri, nilishawahi kuwa ndani yake, na nilijua kunavyoisha.

"Nilisaidiwa," akasema Bwana Ochan.

Mahfudha akabonyeza. Bwana Ochan akasema amwandike na jina aliyemsaidia. Akaambiwa pa kuandika jina hapapo, ila mwishoni kuna nafasi ya maoni, maneno mia mbili. Akaomba simu. Mahfudha akajitolea kumwandikia, akakataa. Aliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, ulimi umetokeza pembeni, dakika ishirini na tano, na sisi tukingoja. Alipomaliza, tarakimu zake sita zilikuwa zimekufa, ikabidi ziombwe upya.

Aliandika nini sijui. Nimemwuliza Mahfudha mara nyingi, na kila mara ananiambia haikuwa barua yangu. Ninachojua ni kwamba Jumatatu Opoka alionekana akipanda mlima huu wa Nakasero na meza kichwani, anatembea haraka kuliko alivyoteremka nayo. Bango halikushushwa, maana limelipiwa. Chini yake, juu ya meza, wakatundika kibao kipya: "KITUO CHA KUJIHUDUMIA MWENYEWE." Mahfudha alikisoma, akaketi chini yake, akafungua daftari akaanza kuita majina.

Sasa la kwangu. Ile asubuhi aliponiuliza mimi wa kwanza, nilikuwa na wateja wawili, makarani wa mawakili, watu wanaoniheshimu kwa kuwa naandika kinyume bila kukosea. Mimi nimechonga majina ya nusu ya ofisi za mji huu kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini mbele ya kioo cha simu herufi hunikimbia, na ombi la cheti cha Marlène lilijazwa na Mahfudha kuanzia juu hadi chini, akanisomea hata jina langu. Aliponiuliza swali la tisa, wale makarani waliinua macho. Nikasema, "Mwenyewe, bila shaka." Meza yangu haikuwa hatarini hata kidogo. Akaandika. Kisha nikaenda Katwe kumfokea Ssalongo. Nyani haoni kundule.

Hakulitaja kamwe. Siku zote zile nilipokuwa nawatukana wengine, aliyasikiliza yote, jibu langu analo mkononi, na akaninunulia chapati. Hilo liliniuma kuliko kama angenizaba kofi. Basi Jumanne baada ya meza kurudi, nilichagua mpira mzuri niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya balozi mmoja, nikachonga muhuri, nikauweka mbele yake.

Aliusoma vilevile ulivyo, kinyume. "Nilisaidiwa," akasema. "Wa nani huu?"

"Wa swali langu la tisa."

"Jibu lako limeshatumwa, Kasereka. Liko kama ulivyosema."

"Najua," nikasema.

Akaupangusa muhuri kwa ncha ya mtandio wake. Kisha akafungua kidau cha wino na kuniambia nilete mkono. Akaugonga nyuma ya kiganja changu cha kulia, mbele ya foleni nzima, Opoka akichungulia kutoka langoni. Ni wino wa ofisi ule, haujui sabuni. Nilichonga siku nne mkono ukiwa juu ya meza, na kila mteja aliyekuja aliusoma.